Mbao Ikinywa Maji

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, binamu yangu anayeishi Minnesota alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa bunduki ya kuwindia yenye kitako cha mbao, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mistari ya mti inaonekana vizuri ikipinda kuelekea begani. Ya pili ilikuwa bunduki ya aina ile ile, chuma kile kile, risasi zile zile, ila kitako chake kilikuwa cha plastiki nyeusi isiyong'aa, kama mpini wa kikaango. Chini yake akaandika: "Wee ndiye msomi wa familia. Nichukue gani?"

Nilicheka. Mimi naishi Umoja. Sijawahi kufyatua bunduki maishani mwangu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla mimi na yeye hatujazaliwa, na bunduki pekee ninazoziona kwa karibu ni za askari wa benki, ambazo huwa sizitazami sana. Nikamjibu, "Chukua ile ya bei nafuu." Akajibu kwa haraka: "Ya plastiki ndiyo nafuu. Lakini nataka ya mbao. Unajua kwa nini."

Nilijua kwa nini. Na kwa sababu nilijua, nilishindwa kulala.

Kwanza nieleze ugomvi wenyewe, maana huu ni ugomvi kweli. Wawindaji wa Marekani wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, kwa moyo ule ule tunaobishana nao sisi kuhusu Gor na AFC. Kitako ni ile sehemu ya bunduki unayoishika na kuiegemeza begani. Chuma ndicho kinachoua. Kazi ya kitako ni kukibeba chuma. Kwa karne kadhaa kitako kizuri kilikuwa cha mti wa walnati, kwa sababu ni mti mgumu lakini si mzito kupita kiasi, unachongeka vizuri, na haupasuki ovyo bunduki inapopiga teke. Fundi hukipaka mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, akisugua kwa kiganja, siku baada ya siku. Pale mkono unaposhika, hukata vijistari vinavyokatana ili kiganja kisiteleze. Kitako kama hicho kikitumika miaka 30, kila mkwaruzo una hadithi yake. Mwenye nacho anaweza kukuonyesha: hapa nilianguka kwenye mawe, hapa mwanangu alikiangusha siku yake ya kwanza porini.

Mapenzi hayo si ya mchezo. Kampuni ya Winchester ilikuwa na bunduki inayoitwa Model 70, iliyotoka mwaka 1936 na kupendwa sana. Mwaka 1964 kiwanda kilipunguza gharama. Kilibadilisha mambo ya ndani ya chuma, na kwenye kitako kikaacha kukata vile vijistari. Badala yake vikagandamizwa kwenye mbao kwa mashine. Wawindaji walikasirika, na mpaka leo zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Kumbuka kitako bado kilikuwa cha mbao. Sehemu ya hasira yao ilikuwa kwamba mbao hiyo ilijifanya imepitia mikononi mwa fundi kumbe haikupitia.

Plastiki nayo ilianza kwa kujifanya. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilitoa bunduki ndogo iliyoitwa Nylon 66, kitako chake nailoni tupu kutoka kwa DuPont, ambao ndio walikuwa wamiliki wa Remington. Ili watu waikubali, rangi iliyotangulizwa mbele ilikuwa hudhurungi, ifanane na mti. Na ili kuthibitisha kwamba haiharibiki, mpiga shabaha wa kampuni, Tom Frye, alitumia bunduki hizo kupiga vipande vya mbao vilivyorushwa hewani, zaidi ya 100,000, akakosa 6 peke yake. Sijui kama kuna mtu pale kiwandani aliyeona kichekesho cha nailoni kuonyesha ubora wake kwa kulenga mbao siku nyingi mfululizo. Zaidi ya bunduki milioni 1 za aina hiyo ziliuzwa.

Lakini hoja ya plastiki si bei tu. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye nyumba yenye mlango wa mbao anajua mwezi wa Aprili huwa vipi. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole mwezi wa Februari sasa unataka bega. Mbao hunywa maji ikavimba. Ikikauka hunywea, tena haivimbi sawasawa kila upande. Sasa fikiria kitako kinachovimba huku kimekumbatia mtutu wa chuma. Kinausukuma kidogo, labda upana wa karatasi. Hapo ulipo huoni kitu. Lakini risasi ikisafiri hatua 200, ule upana wa karatasi umekuwa upana wa kiganja. Wanamaji wa Marekani waliliona hilo kwenye unyevu wa Vietnam: vitako vya mbao vya bunduki za wadunguzi wao vilipinda, na katika miaka ya 1970 wakahamia vitako vya faibaglasi. Faibaglasi hainywi maji. Pale ilipopiga jana, na leo itapiga hapo hapo.

Huo ndio ugomvi kwa kifupi. Upande mmoja una uzuri na kumbukumbu. Upande wa pili una uhakika.

Sasa turudi kwa sababu ya binamu yangu.

Babu yetu, baba ya mama zetu, alibeba bunduki za watu kwa karibu miaka 20. Alikuwa kijana wa Kikamba kutoka upande wa Kibwezi aliyejua kusoma nyayo, na kabla ya marufuku ya 1977 hiyo ilikuwa kazi ya kulipwa. Wageni walitoka Ulaya na Marekani, wakaongozwa na wazungu wa safari waliokuwa na chama chao Nairobi tangu mwaka 1934, na mbele ya wote hao alitangulia mtu kama Babu, macho chini. Nyuma ya mgeni alitembea mtu mwingine akiwa amebeba bunduki yake, mpaka ilipohitajika. Babu alizifanya kazi zote mbili. Kila jioni kambini aliisafisha bunduki, akakipaka kitako mafuta ya kitani. Kwa miaka hiyo yote aliibeba, akaisugua, akailinda na vumbi, na hakuwahi kuifyatua hata mara moja.

Uwindaji ulipokatazwa alirudi nyumbani, akawa mkulima, na pembeni akawa anachonga mipini ya majembe. Mipini hiyo aliipaka oili chafu ya gari, mchwa wasiile. Lakini alipokuwa akisugua alikuwa akituambia habari za mbao nyingine, iliyong'aa kama ngozi ya farasi, yenye harufu nzito kidogo ya kupendeza. Binamu yangu alikaa kwenye kigoda kile akisikiliza mpaka alipofika miaka 9, mama yake alipopata kazi ya uuguzi Minnesota wakaondoka. Hicho ndicho alichobeba kwenda nacho. Sasa ni mtu mzima, raia wa kule, rafiki yake wa kazini amemfundisha kuwinda kulungu, na anataka bunduki ya mbao kwa sababu ya Babu. Anataka kusugua kitako jioni akisikia ile harufu. Nani atamlaumu?

Shida ni kwamba mimi nilibaki. Nikasikia hadithi ambayo yeye hakuisikia.

Ilikuwa Aprili 2010, niko kidato cha pili, nimeenda kwa Babu na Susu likizo ya mvua. Mlango wa jikoni ulikuwa umevimba, na mimi nikaupiga teke. Babu akaniita. "Usiupige. Umekunywa maji tu." Akachukua randa, akaanza kuukwangua ubavuni taratibu. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mbao ikinywa maji hudanganya. Sura ni ile ile, lakini si mbao ile." Halafu akanihadithia.

Kulikuwa na mgeni aliyekuja na bunduki ya marehemu baba yake. Babu alisema hajawahi kushika kitako kizuri kama kile, kabla wala baada. Mvua ikanyesha kambini usiku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne, mzungu wa safari akamwambia mgeni wapige kwanza risasi mbili tatu kwenye shabaha ya karatasi, waone kama bunduki bado iko sawa. Mgeni akakataa. Sauti ingefukuza wanyama, na bunduki ya baba yake haikuwahi kukosea. Wakatoka. Saa tatu hivi wakaona kongoni, dume, kama hatua 200. Mgeni akalenga vizuri. Babu alisisitiza hilo, kwamba mtu yule alijua kulenga. Risasi ikaenda chini na pembeni. Ikavunja mguu wa mbele.

Kundi likakimbia, na yeye akakimbia nalo kwa miguu mitatu. Mvua ikaanza tena. Wakafuata mpaka adhuhuri, mgeni akachoka. Ikaamuliwa arudi kambini na kiongozi wake, na Babu na mwenzake waendelee kufuata damu. Babu aliuliza kuhusu bunduki. Bunduki ikarudi kambini, kwa sababu haikufaa kulowa.

Walilala juu ya mwamba. Siku ya pili, jua likiwa karibu utosini, walimkuta amesimama chini ya mti, hai. Walikuwa na kisu. Babu hakueleza zaidi ya hapo, alisema tu, "Tulimaliza." Wakakata pembe, kwa sababu mgeni alikuwa amezilipia, wakatembea mpaka kambini, wakafika jioni. Na jioni ndiyo ilikuwa saa ya kusafisha bunduki. "Kucha zangu zilikuwa na damu bado," aliniambia. "Nikanawa. Nikaipaka mafuta vizuri kabisa. Ndiyo ilikuwa kazi."

Akajaribu mlango. Ukafunga.

Kwa hiyo binamu yangu aliponitumia picha zile mbili, mimi niliona kitu kimoja tu. Nikamrekodia ujumbe wa sauti wa dakika 7, nikamhadithia yote, kisha nikamhubiria. Enyewe nilihubiri. Nilimwambia hivi.

Ukishaamua kuua mnyama, unadaiwa naye jambo moja: afe haraka. Mambo mengine yote, uzuri wa asubuhi, mazoezi ya mwili, kumbukumbu ya Babu, hayo ni yako. Mnyama hayamhusu. Kama kuna kitako kinachopunguza uwezekano wa kuvunja mguu badala ya kufika moyoni, basi mjadala umeisha, na uzuri hauna kura. Anayechagua mbao kwa sababu inapendeza anacheza kamari, na anayelipa akishindwa si yeye.

Nilimwambia pia kuhusu Aldo Leopold, kwa sababu aliishi na kuwinda jirani tu na kwao, Wisconsin. Leopold aliandika juu ya maadili ya porini, na kitabu chake kikatoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba mwindaji ni tofauti na mchezaji wa mpira: hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea, ana dhamiri yake tu. Ni wazo zuri na mimi nimelipenda muda mrefu. Lakini huku kwetu si kweli. Huku mtazamaji alikuwepo. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, bunduki ya pili begani. Aliona kila risasi iliyokosea. Alijua nani alifuata damu na nani alirudi kunywa chai. Hakuhesabiwa tu.

Na hapo ndipo ninapowashuku watu wanaosema mbao ina kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais, alikuja huku na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi kutoka kwa Waingereza waliomhusudu. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wengi wao wakapelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Bunduki kama ile inatunzwa na jina la mwenyewe linajulikana. Lakini mbao hunyonya jasho la yeyote anayeibeba, na kwa kila saa moja ambayo bunduki ya safari ilikaa kwenye bega la mwenyewe, ilikaa saa nyingi zaidi kwenye bega la mtu mwingine. Kitako cha mbao kinakumbuka kila kitu. Anayekihadithia ndiye anayechagua.

Kisha kuna lile la upinde. Wakamba walikuwa wawindaji kabla ya bunduki yoyote ya walnati kufika huku, na Wawaata wa Tsavo walikuwa na pinde ndefu zenye nguvu za kumwangusha ndovu kwa mshale wa sumu. Sheria za ukoloni zikauita uwindaji wao ujangili, na katikati ya miaka ya 1950 Wawaata wakasakwa huko Tsavo na kufungwa. Mnyama yule yule, mbao kwa mbao. Aliyeua kwa upinde alienda jela, na aliyeua kwa walnati alipigwa picha na pembe zake. Nikamwambia binamu: ukitaka mbao ya babu zetu, tafuta upinde.

Nilituma ujumbe ule nikajisikia mtu wa haki. Alama mbili za buluu zikaonekana. Siku mbili, kimya.

Alipopiga simu hatimaye, hakuwa na hasira. Alisema, "Nimesikiliza mara tatu. Lakini sikia. Hiyo haikuwa mbao. Huyo jamaa aliambiwa ajaribu bunduki, akakataa."

Nikataka kubishana, nikakuta sina pa kushika. Ni kweli. Mbao haikudanganya mtu aliyeiuliza. Kuna namna ya kuiuliza: baada ya mvua unaenda shabahani, unapiga risasi tatu kwenye karatasi, unaona imehama kiasi gani, unarekebisha darubini. Unaweza kupitisha noti ya dola kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, unajua mbao imegusa chuma. Unaweza kumpa fundi akitandike kitako gundi ya epoksi pale chuma kinapokalia. Kuna hata vitako vya mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kama chapati, visivyovimba kirahisi. Yote hayo ni kazi, na yote yanawezekana.

"Na hawa wa plastiki," binamu akaendelea, "unafikiri ni malaika? Huyu mzee anayenifundisha anasema tangu watu wapate bunduki isiyobadilika, wamekuwa wakipiga kutoka mbali wasikofaa kupiga. Mvua, theluji, jioni, hawajali. Wanaamini bunduki."

Hapo akanipata. Nilikuwa nimeweka uhakika upande mmoja na uzuri upande wa pili, kana kwamba uhakika hauwezi kumlevya mtu. Mgeni wa Babu aliamini bunduki yake kwa sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa ya baba yake. Mtu wa leo anaamini yake kwa sababu kiwanda kimemwambia haikosei. Imani ni ile ile, na mguu unaovunjika ni ule ule. Plastiki ina hatari yake ya ziada, kwamba haikudai kitu. Haikuombi mafuta, haikuulizi kama ilinyesha jana. Unaweza kuisahau kabatini miezi 11 na kuitoa asubuhi ya kwanza ya msimu kana kwamba ni mwavuli.

Lakini sikuwa tayari kurudi kwenye lile la kawaida, kwamba chombo kinachodai utunzaji humfanya mtu awe mwangalifu. Huwa tunalisema sana, kuhusu pikipiki za zamani, sufuria za chuma, vitabu vya karatasi. Babu aliitunza bunduki ile kuliko mtu yeyote. Utunzaji wote ulikuwa wake na risasi zote zilikuwa za mwingine. Mgeni alipata chombo kilichotunzwa vizuri bila kupata tabia ya mtu anayetunza. Na nadhani hapo ndipo kosa lilipokaa. Mtu aliyekijua kitako kile kwa kiganja, aliyejua kwamba kimelowa, ndiye ambaye hakuruhusiwa kusema neno wala kufyatua. Anayefyatua hakujua. Ujuzi ulikuwa mkono mmoja, na mamlaka mkono mwingine, na kongoni alikuwa katikati.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anasema: kwani lazima kuua? Ni swali la haki, na sheria yetu imelijibu kwa upande wake tangu 1977. Ila mimi huwa siwezi kulisema kwa sauti kubwa. Jumapili mimi hula nyama Burma. Mbuzi yule alikufa kwa kisu cha mtu, na sijawahi kuuliza kama kisu kilikuwa kikali, wala kama mwenye kisu alikuwa na mikono iliyochoka. Binamu yangu hula kulungu anayempiga mwenyewe, na friza lake hujaa mpaka Machi. Kati yetu wawili, yeye ndiye anayeijua nyama yake. Mimi ni yule mgeni aliyerudi kambini kabla ya mambo kuisha. Tofauti ni kwamba nakula pembeni na kachumbari.

Ndiyo maana sikuona tena maana ya kusema mbao au plastiki. Kitu nilichotaka aulize ni kingine: nikikosea, nani atatembea siku mbili? Kama jibu ni "mimi mwenyewe," basi achukue anachopenda, na uzuri alipie kwa mikono yake, kwa mafuta yake, kwa Jumamosi zake shabahani. Kama jibu ni mtu mwingine yeyote, au mnyama peke yake, basi hata bunduki ya dhahabu haitamwokoa.

Alinunua ya mbao. Hakuniuliza tena. Oktoba nzima alinitumia picha za karatasi zenye matundu, na chini yake maelezo mafupi: leo kavu, leo baada ya mvua, leo baridi sana. Matundu yalihama. Hayakuhama sana, kama vidole viwili, lakini yalihama, na yeye aliyaandika kwenye daftari.

Msimu ulifunguliwa Novemba, Jumamosi. Kwangu ilikuwa usiku tayari aliponipigia. Alikuwa ndani ya gari, bado amevaa ile fulana ya rangi ya machungwa wanayolazimishwa kuvaa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa baridini tangu alfajiri.

"Nimerudi bila kitu," alisema. "Nilimwona mmoja, dume, mkubwa. Alikuwa mbali kidogo, na usiku kulinyesha. Nikamwangalia tu mpaka akaondoka."

Nikamwambia si mbaya, kuna Jumamosi nyingine. Akanyamaza. Nilisikia hita ya gari ikivuma.

"Nikuulize kitu," alisema. "Yule kongoni. Mlipokuwa mnatengeneza mlango. Babu alikuambia walipomkuta, alijaribu kukimbia?"

Hakuniambia. Na mimi, nilipokuwa na nafasi, sikumuuliza.